Nani Aisome Picha ya Malisho?

Kipindi chetu cha leo ni cha historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya jambo moja tu: jinsi nchi yetu ilivyoanza kutazamwa na kupimwa kutoka angani, na jinsi vipimo hivyo vilivyokuja kugusa maisha ya watu walioko chini. Mfano wetu utakuwa Endulen, katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni kwamba siku hizi watumishi wa halmashauri nyingi wanaitwa kwenye mafunzo ya kutumia picha za setilaiti na ramani za kompyuta. Wanaitwa mabwana mifugo, mabwana shamba, maofisa ardhi na watu wa mipango. Na wapo wanaosema, "Hayo ni mambo ya wataalamu wa mjini. Sisi wa kata tuna chanjo na majosho, yanatutosha." Kwa heshima yote, ndugu zangu, historia inatuonyesha kwamba jibu hilo ni la hatari. Picha ya nchi ikisomwa na mgeni peke yake, mgeni ndiye atakayesema nchi hiyo ikoje, na wenyeji watasikia uamuzi baadaye.

Hebu basi tuanze mwanzo.

Kabla ya ndege

Endulen iko kusini-magharibi ya Kreta ya Ngorongoro. Hapo nyanda za juu zenye misitu zinashuka, upande mmoja kuelekea tambarare za Serengeti, na upande mwingine kuelekea bonde la Ziwa Eyasi. Kwa mfugaji, mahali kama hapo ni pazuri kwa sababu kuna nchi za aina mbili zilizokaribiana. Mvua ikinyesha, majani mafupi na matamu yanaota tambarare. Kiangazi kikikaza, maji na majani hubaki juu.

Wafugaji wa Kimaasai walikuwa na njia yao ya kupima malisho kabla ya ramani yoyote. Watu walitumwa mbele kwa miguu kwenda kuangalia. Wakirudi walieleza majani yakoje, maji yapo kiasi gani, wadudu gani wapo, na nani mwingine ameshafika huko. Ndipo wazee wakakaa na kuamua. Kadhalika yalikuwapo maeneo karibu na maboma yaliyotengwa kwa ajili ya ndama na wagonjwa, ambayo ng'ombe wakubwa hawakuruhusiwa kuyaingia wakati wote. Maeneo hayo huitwa alalili. Huo ulikuwa mpango wa matumizi ya ardhi, ingawa haukuandikwa kwenye karatasi.

Ndege zaja

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Serikali ya Uingereza iliunda idara ya upimaji kwa ajili ya makoloni yake, mwaka 1946. Ndege zilipita Afrika Mashariki zikipiga picha mfululizo, na kutokana na picha hizo zikachorwa ramani. Nyingi zilikuwa za kipimo ambacho sentimeta moja kwenye karatasi ni mita 500 ardhini. Ramani hizo zilikuwa kazi kubwa na zimetusaidia miaka mingi. Lakini zilionyesha milima, mito na njia. Hazikuonyesha malisho ya nani ni yapi, wala katika mwezi gani.

Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja Serengeti na ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia. Walipita juu ya tambarare wakihesabu wanyama. Kwa upande wa nyumbu walipata karibu 100,000. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai ikaanguka, na Michael akafariki. Kaburi lake liko ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro.

Sasa sikilizeni jambo muhimu. Kwa nini nyumbu walikuwa 100,000 tu? Kutoka angani sababu haikuonekana. Sababu kubwa ilikuwa sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ukaua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa katika eneo zima linalozunguka Serengeti, mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ilitoweka kwa nyumbu pia. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamefika kiasi cha milioni 1.3. Yaani sindano iliyopigwa bomani ndiyo iliyojaza tambarare wanyama. Aliyehesabu kutoka juu alipata hesabu, lakini chanzo chake kilikuwa chini, kwenye zizi, mikononi mwa bwana mifugo na mwenye ng'ombe.

Katika miaka hiyo hiyo maamuzi makubwa yalifanyika. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia sahihi makubaliano ya kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro, yenye ukubwa wa kilometa za mraba karibu 8,300, ikatengwa kuwa eneo la hifadhi ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Mwaka 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo lote la hifadhi. Katika maamuzi hayo, vipimo vya kitaalamu na ramani vilikuwa mikononi mwa upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa na ujuzi wa nchi, lakini haukuwa na karatasi ya kuweka mezani.

Jicho la mbali zaidi

Mwaka 1957 Warusi walirusha setilaiti ya kwanza, yaani chombo kinachoizunguka dunia bila kuanguka. Sisi Waafrika Mashariki tusifikiri mambo hayo yalikuwa mbali nasi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza ardhi na mimea ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972, ikaja kuitwa Landsat. Ilirudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 18. Picha yake ilikuwa kama kitambaa kilichofumwa kwa miraba midogo, na kila mraba ulikuwa na upana wa kama mita 80. Mraba mmoja ulikuwa ni zaidi ya ekari moja na nusu. Boma zima, na zizi lake na nyumba zake, liliweza kumezwa ndani ya mraba mmoja lisionekane kabisa.

Je, chombo hicho kinajuaje kwamba majani ni mabichi? Jani bichi lenye afya hunyonya mwanga mwekundu wa jua, na hurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni. Jani kavu na ardhi tupu havifanyi hivyo. Setilaiti hupima mianga hiyo miwili, na tofauti yake hugeuzwa kuwa namba. Namba kubwa ni ubichi mwingi. Ndivyo zinavyotengenezwa ramani za kijani na kahawia tunazoonyeshwa katika mafunzo. Si uchawi, ni kipimo kama kipimo cha maziwa.

Nchi zetu hazikulala. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunda idara ya kuchunguza rasilimali na mipango ya ardhi mwaka 1967. Mwaka 1975 kilianzishwa Nairobi kituo cha kikanda cha upimaji na ramani, chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Tanzania ni mwanachama wake. Wataalamu wetu wengi walifundishwa hapo, na wengine huko Uholanzi. Baada ya ukame na njaa kubwa ya Ethiopia ya mwaka 1984, Marekani ilianzisha mwaka 1985 mpango wa kutoa tahadhari ya njaa mapema, ukitumia picha za setilaiti pamoja na habari za mvua na bei za masoko.

Lakini kwa miaka mingi elimu hiyo haikushuka hadi wilayani. Sababu ya kwanza ilikuwa gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 picha moja ya Landsat iliweza kuuzwa zaidi ya dola 4,000 za Marekani. Halmashauri gani ya wafugaji ingelipa? Sababu ya pili ilikuwa mashine. Na ya tatu ilikuwa mazoea ya kumfundisha mtu mmoja, kumpa cheti, halafu akirudi kazini hakuna kompyuta, au akahamishwa, na ujuzi ukaondoka naye.

Mambo yalibadilika polepole. Mei 2000 Marekani iliondoa kizuizi kilichokuwa kikipunguza usahihi wa vifaa vya GPS kwa raia, na mtu akaweza kujua mahali aliposimama kwa kukosea mita chache tu. Mwaka 2008 picha za Landsat zikaanza kutolewa bure. Mwaka huo huo kituo cha Nairobi kilianza mpango wa pamoja na Wamarekani wa kuzifikisha habari za setilaiti kwa serikali za ukanda wetu. Kuanzia 2014 na 2015 nchi za Ulaya zilirusha setilaiti zao za Sentinel, ambazo picha zake nazo ni za bure. Moja huonyesha miraba ya mita 10, na nyingine ina uwezo wa kuona hata kupitia mawingu. Basi sababu ya bei imeondoka. Iliyobaki ni sababu ya kujua.

Picha iliyotoa ushahidi

Msidhani picha ya angani huwa upande wa wakubwa siku zote. Mwaka 1992 Waziri Mkuu aliondoa kwa muda ile marufuku ya kilimo ya mwaka 1975, kwa sababu wananchi walikuwa na njaa. Familia zikalima vishamba vya mahindi, maharage na viazi. Ukazuka ubishi mkubwa, hata nje ya nchi, kwamba sasa Ngorongoro inageuka mashamba.

Watafiti walichukua picha za setilaiti wakapima. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba mwaka 2000 mashamba yote ndani ya hifadhi yalikuwa kama ekari 9,800. Hiyo ni chini ya asilimia moja ya eneo lote. Kwa kiasi hicho, walisema, madhara kwa wanyamapori yalikuwa madogo, na faida kwa watu ilikuwa kubwa. Baadaye ruhusa ya kulima iliondolewa tena, kwa hiyo picha haikushinda ubishi. Lakini kwa mara moja ubishi uliacha kuwa wa "naona" na "nadhani", ukawa wa ekari.

Hapo ndipo tunapopata fundisho letu. Picha haina upande. Upande anao anayeisoma na kuisemea. Lakini mtu huyo hana budi kuijua nchi iliyoko chini ya picha.

Kijani kinachodanganya

Tuchukue picha ya eneo la Endulen na jirani zake ya mwezi Februari, mvua zikiwa zimekwenda vizuri. Upande wa tambarare, kuelekea Ndutu, ramani ni ya kijani. Mtaalamu aliyeko mjini atasema: malisho yapo, ng'ombe wapelekwe. Lakini muulize mfugaji yeyote. Kati ya Januari na Machi nyumbu wanazaa huko, na ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo havimdhuru yeye lakini humwua ng'ombe, na ugonjwa huo hauna dawa. Kwa hiyo kijani kile, katika miezi ile, si malisho ya ng'ombe. Ni mtego.

Basi mifugo ibaki juu. Tuangalie juu: huko nako ni kijani. Lakini sehemu za nyanda za juu zimejaa majani magumu ya mashina mashina ambayo wafugaji huyaita makutiani. Likishakomaa, ng'ombe hawalitaki. Setilaiti huliona ni bichi, tumbo la ng'ombe hulijua ni bure. Na penye majani marefu na baridi ya unyevu pana kupe, na penye kupe pana ndigana kali. Mifugo ikisongamana huko ikikimbia nyumbu, bwana mifugo ajiandae na dawa ya kuogesha.

Bado kuna mawingu. Wakati wa masika nyanda za juu hufunikwa siku nyingi, na picha ya kawaida huonyesha mawingu tu. Mtumishi asiyejua hilo anaweza kusoma wingu kama ardhi tupu, akaandika taarifa ya ukame palipo na mvua.

Mambo haya manne, yaani nyumbu, makutiani, kupe na mawingu, hayamo ndani ya mashine. Yamo vichwani mwa wafugaji na mwa watumishi wanaoshinda nao. Ndiyo maana mafunzo ya watumishi wa chini si fadhila. Bila wao ramani ni nusu.

Walioanza wamefanyaje

Ipo mifano ya kufuata. Mwaka 2013, katika nchi ya Ethiopia, shirika moja liliwaomba wazee wachore mipaka ya malisho yao wenyewe. Mipaka hiyo iliwekwa juu ya picha za setilaiti, na kila siku kumi ramani iliyochapwa kwenye karatasi ikarudishwa vijijini. Kazi hiyo baadaye ilifika kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya, kwa njia ya simu za mkononi. Jambo la kuangalia ni mpangilio wake: wazee kwanza, setilaiti baadaye.

Jirani na Karatu, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi ya pamoja, baada ya ardhi yao kupimwa na kuwekewa mipaka wakiwepo wenyewe. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo pamoja na wananchi walichora ramani za mitaa inayofurika, na huko Zanzibar mwaka uliofuata Tume ya Ardhi ilianza kupiga picha visiwa vyote kwa ndege ndogo zisizo na rubani, vijana wa Zanzibar wakiwa ndio waendeshaji. Hawa wote hawakungoja mtaalamu aje awaambie kwao kukoje.

Mafunzo yaweje

Ndugu wasikilizaji, kwa waandaaji wa mafunzo na kwa watumishi wenzangu nina mapendekezo matano.

Kwanza, mafunzo yaanzie nje. Mtumishi achapiwe picha ya kata yake kwenye karatasi, atembee nayo, asimame juu ya mraba wa kijani na aandike anachokiona: jani gani, kimo gani, mnyama gani.

Pili, kila ofisi wafundishwe watu wawili au zaidi, pamoja na mtendaji wa kijiji na kijana mmoja mfugaji. Mmoja akihamishwa, kazi isife.

Tatu, wazee na akina mama waulizwe kabla ramani haijakamilika. Akina mama ndio wanaojua maji yaliko na umbali wake, maana ndio wanaoyafuata.

Nne, nakala ya ramani ibaki kijijini, kwa Kiswahili, na majina ya mahali yaandikwe kama wenyeji wanavyoyatamka.

Tano, kazi iendelee mwaka mzima. Siku tano za semina hufundisha kubonyeza tu. Kusoma nchi kunahitaji masika na kiangazi.

Pengine mtu atauliza, haraka ya nini? Haraka ipo. Mwaka 1959 wakazi wa eneo la hifadhi la Ngorongoro walikadiriwa kuwa 8,000. Mwaka 2022 Serikali ilitaja zaidi ya 100,000, na Juni mwaka huo ikaanza kuhamishia kaya Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilieleza kuwa ni kwa hiari. Wapo waliokwenda, na wapo waliopinga kwa nguvu. Kipindi hiki hakikai kuhukumu jambo hilo. Lakini kila upande katika mjadala huo unasema habari za malisho, idadi ya mifugo na hali ya ardhi, na yote hayo leo hupimwa kutoka angani. Mtumishi wa kata asiyeweza kuisoma picha hataweza kusema kama imesomwa vibaya. Na mwananchi ambaye hajawahi kuonyeshwa hawezi hata kuuliza swali.

Mwisho, nawaachieni kazi ya wiki hii. Ninyi wafugaji, mtumishi akija na ramani, msiitikie tu kwa adabu. Mwulizeni: picha hii ni ya mwezi gani, na hiki kijani ni jani gani? Nanyi watumishi wenzangu, mkiulizwa hivyo msikasirike. Shukeni kwenye gari, mwende pamoja mkaangalie.

Kwa leo tunaishia hapo. Mifugo na inenepe, na mvua ije kwa wakati wake. Kwa herini.